Usije Nyasi Ikichanua

Karibu na Emali,
Jumamosi jioni, mwezi wa kumi, mvua bado

Wambua,

Shuleni tulifundishwa kuanza barua kwa kuuliza hali. Yako sina haja ya kuiuliza, naisikia kutoka hapa. Uko ng'ambo ya uwanja, nyumbani kwa susu, nyanya yako, na kila ukicheka mimi nasimamisha kalamu. Mama wengine husikia kicheko cha mtoto wao wakaendelea na kazi. Mimi nasikiliza kinachokuja baada ya kicheko, kama kifua kinapiga filimbi au hakipigi. Leo hakipigi. Ardhi ni kavu, upepo unabeba vumbi tupu, na wewe unacheka kama mtu ambaye hajawahi kuumwa.

Kesho usiku utapanda gari moshi. Barua hii nitaiweka chini kabisa ya sanduku, ndani ya shati la bluu, ili uikute ukishafika kwa mjomba wako. Kuhusu nguo, chakula, kuamka mapema na kumheshimu mke wa mjomba, sitaandika. Baba yako ameyasema wiki nzima, na aliyoyasahau susu ameyaongeza. Mimi nina jambo moja tu, nalo limenishinda kulisema kwa mdomo. Nilijaribu ukichota maji. Nikajaribu tena jana ukipiga pasi. Kila nikifungua mdomo, najikuta nakuuliza kama umekula.

Unakumbuka juzi mezani baba yako alipoanza mambo ya Krismasi?

"Ukija Desemba usije mikono mitupu kama mtu aliyetoka Emali sokoni," alisema. "Lete papa mkavu. Lete anayenuka, majirani wajue mtoto wangu yuko Mombasa."

"Nitaleta mpaka kondakta anishushe njiani," ukajibu.

Susu akasema yeye hali nyoka wa maji, aletewe leso, na isiwe nyeusi kwa sababu bado hajafa. Mkacheka wote. Baba yako akasema yule mbuzi mweupe hauzwi, hata aje mnunuzi wa kutoka wapi, huyo anakungoja wewe. Mimi nikainuka kwenda jikoni kutafuta chumvi.

"Mama, chumvi iko hapa mezani," ukaniambia.

Nilikuwa naiona. Niliinuka kwa sababu ningekaa pale ningelia mbele ya baba yako.

Wambua, sitaki uje Krismasi. Si hii tu. Sitaki uje Krismasi yoyote, wala mwezi wowote ambao mvua imenyesha hapa na nyasi imechanua. Nimeliandika. Sasa niache nikueleze, na usiikunje barua kabla hujafika mwisho.

Ulizaliwa usiku ambao mvua ilirudi baada ya misimu miwili ya kukosa. Wanawake walionisaidia walikuwa wanapiga kelele, na sikujua kama ni kwa ajili yako au kwa ajili ya maji yaliyokuwa yanaingia chini ya mlango. Susu alikuosha kwa maji ya paa, akasema jina limekuja lenyewe. Mbua ni mvua, wewe ni Wambua. Kwetu hakuna jina zuri kulishinda. Watu wetu hawasemi mvua ni mbaya. Hata ikibomoa nyumba tunasema asante kwanza, halafu ndipo tunatafuta mabati yameanguka kwa nani.

Ulianza kuumwa ukiwa mdogo sana, umri wa kushika sketi yangu na kunifuata shambani. Pua, macho mekundu, kupiga chafya mpaka unakaa chini, kisha kifua. Usiku mbavu zako zilikuwa zinaingia ndani kama kuna mtu anazivuta kwa kamba. Kila mtu alikuwa na jina la ugonjwa huo. Mbevo. Kwa Kikamba chetu mbevo ni baridi, ile ya asubuhi ya mwezi wa saba, na ndilo jina hilo hilo tunaloupa ugonjwa wa kifua. Neno ni moja. Mtoto ana mbevo, na dawa ya baridi ni joto, kwa hiyo hakukuwa na cha kufikiria.

Mimi nilikuwa nimesoma. Nilifika sekondari wakati wasichana wa hapa tuliofika tulikuwa wachache. Mimi ndiye katibu wa mwethya, kikundi chetu cha wanawake wa kuchimba matuta, kwa sababu ndiye niliyeweza kuandika mkutano ulivyokwenda. Kila siku nilikuwa naandika katika shajara yangu kama mvua imenyesha, na nani mgonjwa. Elimu hiyo yote haikunisaidia kuliuliza neno hilo moja linasema nini. Nilikuvalisha sweta juu ya sweta. Nilisokota matambara nikaziba dirisha. Nilileta jiko la makaa chumbani. Nilikufunika blanketi juu ya sufuria la maji moto ukalia humo ndani kwamba huoni mlango, nami nikakushika kichwa usitoke.

Na godoro. Unalikumbuka? Lilikuwa la magunia mawili yaliyoshonwa pamoja, tunajaza nyasi. Mvua ikipita na nyasi kukomaa, kila nyumba ilikuwa inamwaga nyasi kuukuu na kujaza mpya. Ya kwako nilikuwa naikata mwenyewe, simwachii mtu. Nilipita kwenye kingo za matuta nikichagua ile yenye vichwa laini, vinavyoacha vumbi la njano mkononi ukivishika, kwa sababu nilitaka mtoto wangu mgonjwa alale pahali laini. Harufu yake ilikuwa nzuri. Nilikulaza juu yake, nikafunga dirisha.

Sitaandika zaidi kuhusu godoro.

Ila siku moja wewe mwenyewe uliniambia. Ulikuwa darasa la kwanza au la pili. Tulikuwa kwa jirani tukipanda nyasi juu ya matuta mapya, wanawake wote wa mwethya, na wewe ulikuwa umeketi pembeni umefumba macho. Ukasema, "Mama, nyasi inanipiga pua."

"Na wewe umeipiga wapi?" mmoja akakuuliza.

"Huyu ameshapata ugonjwa wa jembe," mwingine akasema. "Ni wa wanaume, huwashika mapema siku hizi."

Walicheka mpaka wakaegemea majembe. Nami nilicheka. Wewe ulinitazama, hukulia, ukarudi kufumba macho. Uliacha kuniambia mambo ya kifua chako tangu siku ile. Nilikuwa nasikia filimbi kutoka chumba cha pili, nikikuuliza unasema, "Niko sawa, mama." Mtoto wa miaka ile. Mpaka leo unanijibu hivyo hivyo.

Kisha ukaja ule mwaka wa njaa, tuliokula mahindi ya manjano. Mvua ya Machi haikufika. Nyasi iliisha mizizi ikabaki wazi, matuta yetu yakawa kama mgongo wa ng'ombe aliyekonda. Ng'ombe wenyewe walikufa mmoja mmoja. Baba yako aliwavuta mpaka bondeni kwa kamba ile ile aliyokuwa akiwafungia. Susu alikuwa anajifunga leso tumboni aweze kulala.

Na wewe ulikuwa unakimbia.

Ulikuwa mwembamba, magoti yamekuwa makubwa kuliko mapaja, lakini ulikuwa unakimbia. Ulienda shule ukikimbia na kurudi ukikimbia. Ulilala usiku kucha mdomo umefunga. Niliamka kukusikiliza nikafikiri umekufa kwa sababu kulikuwa kimya. Mwalimu wako alinisimamisha njiani kuniambia umewashinda watoto wote mbio, na kwamba hajui nguvu unatoa wapi wakati wenzako wanaanguka mstarini. Mimi nilijua mwaka ule ndio mwaka wako mzuri kuliko yote, na sikuweza kumwambia mtu. Ningemwambia nani? Kila boma lilikuwa linazika kitu.

Kanisani walianza maombi ya mvua. Wazee walinipa mimi niongoze upande wa akina mama. Nilisimama mbele nikaomba, nikapaza sauti, na wote wakaitikia amina. Yangu haikutoka. Sikuwa nimeelewa chochote wakati ule, nisijisifu. Mwili wangu tu ulikuwa umeanza kuhesabu kitu ambacho kichwa kilikataa. Niliona aibu, nikaomba mara ya pili kwa sauti kubwa zaidi.

Ikaja, na ikaja na ngurumo. Watu wazima walicheza kwenye matope. Wewe ulisimama katikati ya uwanja umefungua mdomo, na susu akakupigia kelele, "Wambua, mwenzio amefika!" Wiki ya kwanza ulikuwa mzima. Ya pili mzima. Mimi nikaanza kusema moyoni labda mbevo imetoka yenyewe, njaa imeimaliza.

Sasa nyasi. Hakukuwa na ng'ombe wa kuila, walikuwa wamekufa. Ilikua kama ambayo haijawahi kuonekana hapa. Ilifika kiunoni, kutoka mlangoni kwetu mpaka reli, na kutoka reli mpaka kule ambako jicho linachoka, upande wa Loitokitok. Ikachanua yote pamoja. Asubuhi upepo ukipita ilikuwa inabadilika rangi kama kitambaa kinachogeuzwa. Tulisema Mungu ametulipa. Nilijaza godoro lako mpaka likapasuka pembeni.

Ilikuwa siku ya jua na upepo, Desemba. Hakukuwa na wingu. Ulitoka nje kwenda chooni, na ulirudi ukitembea kwa mikono. Baba yako alikubeba mgongoni mpaka kituo cha afya, mimi nyuma nikikushika kichwa kisianguke. Kijana wa zamu alikuchoma sindano kabla hajaniuliza jina lako. Ulipoanza kuvuta hewa, alinigeukia.

"Mama, huyu huwa anaumwa wakati gani?"

"Ni mbevo," nikasema.

"Sijauliza ni nini. Nimeuliza ni wakati gani."

"Wakati wa mvua."

"Leo kumenyesha?"

"La."

"Jana?"

"La. Kuna jua kali hata usiku ni joto."

"Sasa baridi imetoka wapi?"

Yeye alikuwa anakuvua sweta, lile la juu, na kwenye mgongo wa sweta kulikuwa kumenasa kichwa cha nyasi. Alikichukua, akakigonga juu ya kitabu chake cheusi. Unga wa njano ukamwagika, mwembamba kuliko poda. Aliupuliza kidogo tu, nao ukapotea hewani, sikuona ulikoenda.

"Hii imetoka wapi?" akauliza.

"Kitandani kwake," nikasema.

Hakunikemea. Ningefurahi kama angenikemea.

Tangu siku hiyo nimeuchunguza ugonjwa wako kama mtu anayechunguza mwizi wa kuku. Mvua yenyewe haikuumizi. Siku inaponyesha polepole unapumua kuliko mtu yeyote, kwa sababu maji yanaushusha ule unga chini. Shida ni baadaye, nyasi ikishainua kichwa, jua likitoka na upepo ukaanza, hasa asubuhi umande ukikauka. Na mbaya kabisa ni ngurumo inayokuja kwa ghafla juu ya nyasi iliyochanua, upepo ukitangulia maji. Siku hizo ulianguka kabla tone la kwanza halijagonga bati. Sijui sababu. Najua tu kwamba nimeiona, na nimeiona tena. Ukame ukiwa mkali unapona. Mvua ikiwa nzuri unaumwa. Mvua ikichelewa kisha ikaja yote kwa siku chache, kama inavyozoea kufanya sasa, nyasi yote inachanua kwa wakati mmoja, na hiyo ndiyo miaka yako mibaya kuliko mingine. Zamani nilipokuwa msichana ilikuwa inakuja kwa mpango zaidi, nyasi ya bondeni inatangulia, ya mlimani inafuata. Au labda sikuwa na mtoto wa kunifanya nitazame.

Tulitoa magodoro yote ya nyasi. Nililala chini na baba yako mpaka tukapata la sponji, na la sponji likawa lako. Nilianza kufyeka nyasi kuzunguka nyumba kabla haijatoa kichwa. Kisha nikaenda kwa wanawake wa mwethya, nikawaomba wafyeke ya kwenye matuta.

"Katibu, ni wewe uliyetufundisha kuipanda," wakaniambia. "Ulisema inashika udongo."

"Inashika."

"Sasa tuikate udongo uende?"

"Ikateni juu tu, kabla ya maua."

Walikata, msimu mmoja, kwa kunihurumia. Msimu wa pili walikata wachache. Siwalaumu, kila mtu alikuwa na kazi yake, na watoto wao walikuwa wanapumua. Na hata kama wangekata wote, kuna reli, kuna mashamba ya upande wa pili wa barabara, kuna malisho mpaka chini ya mlima. Upepo ulikuwa unakuletea nyasi ambayo sijawahi kuiona kwa macho.

Mwaka juzi ulipokwenda kwa mjomba likizo ya Desemba, ulituandikia barua. Uliandika kwamba unaogelea, kwamba umejifunza kula pweza tusimwambie susu, na mwishoni, kama kitu kidogo, kwamba dawa yako ya kuvuta umeisahau mfukoni mwa begi na hujui ni lini uliitumia mara ya mwisho. Nilisoma mstari huo nikiwa nimesimama kwenye mahindi. Nililia kwa furaha. Halafu nikaendelea kulia, na haikuwa tena furaha. Nilikuwa nimefahamu kwamba mtoto wangu ni mzima, na kwamba ni mzima kwa sababu hayuko hapa.

Lakini sikusema. Hilo ndilo kosa ninalotaka ulijue, kwa sababu yale mengine niliyafanya kwa kutojua. Hili nilijua. Mwaka uliofuata ulipouliza uende tena kwa mjomba Desemba au uje nyumbani, baba yako alisema njoo, nami nikanyamaza. Nilikuwa nimekukosa. Nilitaka kukuona umeketi pale mlangoni ukila muhindi wa kuchoma. Nilijiambia umeshakuwa mkubwa, kifua kimepanuka. Baba yako husema hivyo, ameshakuwa mwanaume, atazoea. Yeye anaamini. Mimi sikuamini, nilinyamaza tu.

Unajua kilichofuata, lakini hujui chote, kwa sababu hukuwa na fahamu njia nzima. Krismasi yenyewe, watu wako kanisani, tulisikia nyimbo mpaka barabarani. Dawa ya kuvuta ilikuwa imekwisha ndani. Dereva wa lori la vitunguu alisimama kwa sababu baba yako alisimama katikati ya barabara na hakutoka. Ulikuwa mapajani mwangu. Kucha zako zilikuwa za rangi ya zambarau. Nilikuwa nazisugua kama vile ni uchafu. Mahali fulani njiani ulifungua macho ukaniambia, kwa maneno mafupi mafupi, moja kwa kila pumzi, "Usimwambie baba nimeogopa."

Baba yako alikuwa ameketi mbele na dereva. Sijamwambia mpaka leo.

Hospitalini, ulipolala na mashine, nilikaa pembeni ya kitanda nikaamua kwamba hutaiona tena Desemba ya hapa. Niliamua peke yangu. Mpango wa kwenda kwa mjomba ukajifunze kutengeneza friji mmeupanga wewe na baba yako, na kila mtu anafikiri mama amekubali kwa shingo upande. Ni mimi niliyemwandikia mjomba kwanza. Nilimwomba akuite. Kwa hiyo ukilala usiku wa kwanza ukamkasirikia aliyekutoa kwenu, ujue ni nani. Usimkasirikie mwingine.

Nimefikiria watakavyosema. Kwetu mtoto wa kiume asiyerudi Krismasi amepotea. Mwaka wa kwanza wataulizia, wa pili watanyamaza nikiingia, wa tatu watasema amelishwa kitu na wanawake wa pwani. Susu atasema ni mke wa mjomba wako amekufunga. Watahesabu watoto wa wengine wakishuka na mifuko Emali, halafu watanitazama. Acha watazame. Baba yako nitamwambia kesho gari moshi likishaondoka, tukiwa tunarudi kwa miguu, gizani, ili asilazimike kunionyesha uso wake. Atakasirika. Atasema nimekufukuza kwako. Sehemu yako ya kujenga ameshaipima kwa kamba, unajua, pale juu ya mahindi ambapo upepo ni mzuri. Upepo ni mzuri sana pale.

Njoo mwezi wa nane. Njoo wa tisa. Hakutakuwa na maziwa. Maji tutakuwa tunayafuata mbali, na miti yote itakuwa fimbo. Utatukuta tumekonda, tumepauka, tunagombana kwa vitu vidogo kama watu wa kiangazi. Ndivyo utakavyotujua. Hutaona tena mahindi yakitoa maua, wala kunde zikipanda uzio, wala ile asubuhi ambayo kila kitu ni kijani na susu anatembea bila fimbo kwa sababu ya furaha. Kile tunachojivunia hapa huonekana mara moja kwa mwaka, na wewe nimekunyima. Utaoa huko, utazaa, na wanao wataamini kwamba nyumbani kwa baba yao ni jangwa. Waache waamini. Siku moja, kama vifua vyao ni vizima, watakuja Desemba bila wewe, na mimi nitawaonyesha, kama nipo.

Mwaka huu mvua ikichelewa wataniita tena mbele ya kanisa. Itakuwa mara ya kwanza tangu ule mwaka wa njaa ambapo nitaweza kuomba na amina ikatoka. Nimeombea siku hiyo miaka mingi. Sasa imefika, na sina hamu nayo hata kidogo.

Kuna jambo la mwisho, na nimelizunguka ukurasa mzima. Susu ni mzee. Baba yako anakohoa asubuhi na anakataa kupimwa. Mimi sina ugonjwa, lakini sina mkataba na mtu. Siku moja mjomba atakuja kukuamsha na habari, na habari hizo hazichagui mwezi. Najua mila yetu. Najua mtoto wa kiume ndiye anayetangulia kurusha udongo, na asipokuwepo watu wanaondoka kaburini wakinong'ona. Kama ni mwezi mkavu, kimbia, uje. Kama nyasi imechanua, usije. Kama ni susu, usije. Kama ni baba yako, usije, na hilo nitalibeba mimi mbele ya ukoo wote. Na kama ni mimi, Wambua, na ni Desemba, na mjomba ameshakata tiketi na kila mtu anakuambia mtoto gani huyu, irudishe tiketi. Nimekaa miaka yote hii nikisikiliza kifua chako usiku. Usinifanye nilale chini pale nikisikiliza kikifunga juu yangu.

Waache wanizike wenyewe. Wewe ngoja mpaka mwezi wa nane. Njoo peke yako, ukae hapo utakavyo, hata siku nzima, na usiseme chochote. Pumua tu.

Mama yako